Mkwe Aliyeosha Sufuria

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kazi ya Riyazuddin kwa sasa ni kula.

Ameketi kwenye benchi la mgahawa mmoja wa Matia Mahal, Delhi ya kale, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Mbele yake kuna bakuli la nihari, mchuzi mzito wa nyama, linalotoa mvuke na mkate wa hamira uliotoka tanurini sasa hivi. Anamega mkate, anachovya, anatafuna huku amefumba macho. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha anapeleka vidole nyuma ya sikio la kushoto, anapapasa, anavitazama.

Vikavu.

"Siyo," anasema, na kulisukuma bakuli ng'ambo ya meza.

Ng'ambo ya meza yupo Mukhtar, mvuta riksho ya baiskeli ambaye Riyazuddin alimkodi jana pale stesheni. Mukhtar halazi damu. Analivuta bakuli na kuanza kazi.

"Ami, hili la sita," anasema, mdomo umejaa. "Tangu nitoke Bihar sijapata tajiri kama wewe. Unanilipa nikupeleke, halafu unaninunulia na chakula unachokikataa."

Mwenye mgahawa amenuna. Mtu kula matonge matatu na kusukuma bakuli ni tusi, tena asubuhi, mbele ya wateja. "Nihari yangu ina kasoro gani, mzee?" anauliza. "Watu wanaifuata kwa magari kutoka pande zote za mji."

"Haina kasoro, mwanangu. Tamu sana," Riyazuddin anamjibu, na anasema kweli. "Ila siyo yangu."

Mhudumu mmoja wa makamo anamnong'oneza bosi wake: huyo ni mtoto wa fundi Moinuddin wa Chitli Qabar. Uso wa mwenye mgahawa unakunjuka papo hapo na chai inaagizwa, lakini riksho imeshaondoka.

Matonge matatu ndiyo kipimo alichowekewa na mkewe, Qamar Jahan, kabla hajapanda treni. Moyo wa Riyazuddin umewahi kugoma, na nihari ina mafuta ya kuutosha moyo wa tembo. Lakini mkewe huyohuyo ndiye aliyemtuma Delhi akale. Kisa chake ni kirefu kidogo, na kinaanza na sufuria.

Riyazuddin ana miaka sitini na minne. Kwa miaka arobaini na mmoja alipika nihari Chitli Qabar, kwenye duka la benchi nne lililoanzishwa na babu yake. Siku ikiwa njema aliuza sahani mia moja na thelathini, na baada ya kulipia nyama, mkaa na wasaidizi alirudi nyumbani na rupia elfu moja na mia tano. "Hatukutajirika," anasema. "Lakini hatukulala njaa, na hatukumkwepa mtu njiani."

Nyama ya muundi wa nyati wa kufugwa hutiwa motoni jioni pamoja na mifupa na viungo, mfuniko ukazibwa kwa kinyunya cha unga, na sufuria ikaachwa juu ya mkaa mpaka alfajiri. Kila mpishi wa mji anajua hilo. Lakini jambo ambalo wateja wengi hawalioni ni kwamba sufuria ya nihari haimalizwi kamwe. Mpishi hubakiza upawa mmoja au miwili chini kabisa, na mchuzi huo wa leo humiminwa kwenye upishi wa kesho. Mabaki hayo wapishi huyaita uzi.

Uzi wa kina Riyazuddin ulianza mwaka aliooa babu yake. Haukukatika kwa vita wala kwa msiba. "Mteja alikuwa anakula ya leo, na ya jana humohumo, na ile ambayo babu yake alikula," anasema. "Na kila uzi una tabia yake. Wa kwetu haukuchomi ulimi wala haukutoi jasho usoni. Unakutoa jasho nyuma ya masikio. Watu walikuwa wanatutania, wanasema mwanaume akisingizia alikuwa msikitini, mpapase nyuma ya masikio."

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Januari, Riyazuddin alianguka kando ya sufuria akiwa na upawa mkononi. Alilazwa siku kumi na moja, Qamar Jahan akiwa kwenye kiti kando ya kitanda. Duka lilifungwa, lakini uzi haukuachwa yatima: jirani alipewa ufunguo, na kila asubuhi aliingia akauchemsha, akaufunika, akatoka.

Siku ya tisa alifika mkwe.

Tanvir, mume wa binti yao Zeba, ni mtengeneza ngoma wa Amroha, mji ulio safari ya saa tatu kwa treni. Ni mtu mpole, mwenye mikono isiyopenda kukaa bure. Alikuja kusaidia. Akachukua ufunguo kwa jirani, akafungua duka, akaona sufuria kubwa ya shaba ina masizi nje na ukoko wa mchuzi ulioganda ndani.

"Nikasema, maskini baba wa watu, akirudi akute mambo safi," anakumbuka Tanvir. "Nikayamwaga mabaki, nikaisugua kwa majivu na ndimu siku mbili. Nikaipeleka ikatiwe bati upya. Ukichungulia ndani unajiona mpaka meno."

Riyazuddin aliporudi kutoka hospitali, akimshika mkewe begani, alikuta sufuria imewekwa mlangoni, imevishwa shada la maua ya manjano. Mkwe amesimama kando anatabasamu, anangojea neno.

Na kwetu mkwe hakaripiwi. Mkwe ni mgeni mpaka siku ya kufa. Anapewa mto wa kuegemea na kipande kinono, na akikumwagia chai ya moto mapajani unamwuliza yeye kama hajaungua. Riyazuddin alichungulia ndani ya sufuria, akauona uso wake.

"Imeng'aa, mwanangu," alisema. "Mungu akuweke."

Akaenda ndani akalala kifudifudi mpaka kesho yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama yote kwa mkupuo. Daktari alimkataza kuinua vizito. Mwenye nyumba alipandisha kodi, kisha akampa duka mtu wa viatu. Mume na mke wakahamia Amroha kwa binti yao, na sufuria inayong'aa ikaenda nao. Tanvir aliambiwa na Zeba miezi mitatu baadaye alichokuwa amekifanya. Kuanzia siku hiyo, anasema, hakuweza kumtazama mkwewe machoni wakati wa kula.

"Angenitukana ningepona," anasema. "Lakini baba kila siku ananiuliza, umeshiba? Umelala vizuri? Nilikuwa nakonda."

Alijaribu kulipa kwa njia yake. Mwaka huu alikihamishia kiwanda chake cha ngoma uani, akakifanya chumba cha mbele kuwa mgahawa: benchi tatu, tanuri la mkate, na shimo la mkaa linalolingana na ile sufuria sawasawa. Hadi ubao wa jina akauchonga. Alichokosa ni mpishi, maana mpishi aligoma.

"Sina uzi," alisema Riyazuddin. "Nitawapikia watu nini, maji ya viungo?"

"Anza upya," mkewe alimwambia. "Baada ya miaka arobaini nao utakuwa wa zamani."

"Mama Zeba, nina miaka sitini na minne!"

"Basi panda treni uutafute. Uliwahi kuwapa watu. Akiba haiozi."

Hapo ndipo kwenye sheria kubwa ya wapishi wa nihari. Mwenye uzi uliokufa huja kwa mwenzake na bakuli tupu lililofunikwa kitambaa. Hasemi kitu. Mwenye uzi humjazia. Halipwi, hamsimangi mwenzake maisha, na wala hakatai. Katika umri wake wote Riyazuddin alikuwa amejaza mabakuli matatu. Kwa hiyo mahali fulani Delhi, alijihesabia, kuna sufuria tatu zenye damu ya babu yake.

Siku ya kwanza alikwenda karibu na Turkman Gate. Mtu aliyejaziwa bakuli hapo amefariki, na wanawe wanauza vifuniko vya simu. Walimpokea kwa heshima zote, wakamletea soda. Sufuria? Waliiuza kwa kilo.

Mtaani Bara Hindu Rao alimkuta mpishi wa pili mwenyewe, mzee sasa, anapika bado. Riyazuddin akala matonge matatu, akapapasa sikio. Pakavu. Mzee yule alimwangalia akainama. "Ulikatika mwaka ule wa maradhi, tulipofungiwa ndani," alisema. "Nilianza upya. Niliona haya kukwambia." Wa tatu alikuwa ameuza duka na kurudi kijijini kwao, na aliyenunua alitaka mahali, hakutaka mchuzi.

Tangu hapo Riyazuddin akawa anakula tu. Alikula popote palipokuwa na moshi wa mkaa na foleni, akijipa moyo kwamba huenda mmoja wa wale watatu naye alijaza bakuli la mtu. Alizunguka mji aliozaliwa kama mgeni, akishangaa bei. Sahani aliyokuwa akiiuza rupia tisini sasa ni mia na sabini. Mkaanga maini wa pembeni mwa msikiti bado yupo, ila amenenepa. Muuza maziwa ya moto ana meza za vioo. Kila baada ya hatua ishirini mtu alimshika mkono: fundi, umerudi? Lini unafungua?

"Nilikuwa na njaa na nimeshiba kwa wakati mmoja," anasema. "Hali hiyo simwombei mtu."

Alasiri ya siku ya pili, akiwa amekata tamaa, alikwenda Khari Baoli kununua viungo, kwa mazoea tu. Soko hilo halisahauliki: ukiingia unapiga chafya, ukitoka unapiga chafya, na katikati unapiga bei. Lala Girdhari, muuza viungo aliyemhudumia kwa miaka thelathini, alikuwa amekaa palepale juu ya godoro lake jeupe.

"Mwizi wa Chitli Qabar!" alipaza sauti. "Hujafa?"

"Nimekuja kwanza unirudishie gramu zote ulizonipunja, Lala."

"Hizo utazikuta peponi, nimezitanguliza."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha Lala, bila kuuliza, akaanza kuchota: basibasi, kungumanga, iliki nyeusi, shamari, mzizi kidogo wa khas, ile nyasi inayonukia. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kila kopo.

"Hujasahau," alisema Riyazuddin.

"Nitasahau vipi? Kuna mtu bado ananunua hivihivi kila Alhamisi. Pilipili ndefu anataka iliyopondwa, haitaki iliyosagwa. Na khas anaipima kama dhahabu."

"Nani?"

"Mimi nauza viungo, Riyaz, siuzi magazeti." Lala alifunga kifurushi polepole. "Lakini ukivuka mto ukafika Jafrabad, waulize watu asubuhi wanakula wapi."

Riyazuddin hakuhitaji kuuliza. Jafrabad yupo Babban.

Babban alikuwa mwanafunzi wa marehemu Moinuddin. Aliingia jikoni kwao akiwa kijana, akajifunza kila kitu, kisha akaondoka na kufungua duka lake hatua arobaini kutoka lao, sahani kwa rupia mbili pungufu. Nusu ya wateja walihama. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika joto la Juni, sufuria ya Babban ilichacha. Akaja dukani kwa Riyazuddin asubuhi watu wamejaa, na bakuli tupu lililofunikwa kitambaa. Hakusema kitu, kama sheria inavyotaka.

"Imekwisha," Riyazuddin alimwambia.

Mvuke ulikuwa unatoka. Watu wote waliuona. Babban aligeuka akaenda zake, na mwezi uliofuata akahamia ng'ambo ya mto. Haikupita muda akasikika anapika tena. Riyazuddin alijiambia kwamba amepata uzi Lucknow, au ameanza upya, na hakutaka kujua zaidi.

Alimpigia simu mkewe palepale sokoni, katikati ya magunia.

"Mama Zeba, unajua Lala anataka niende wapi? Kwa Babban!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Yule nilimnyima mbele ya watu!"

"Najua. Mji mzima unajua. Nenda ukale."

"Viungo anavijua, alifundishwa na baba. Viungo siyo uzi."

"Baba Zeba, jana na leo umekula kwa watu sita wasio na neno na wewe. Umepata nini? Hebu nenda kwa mwenye neno."

"Halafu?"

"Halafu unipigie. Na yasizidi matatu."

Asubuhi ya tatu, riksho inavuka daraja la chuma katika ukungu. Mukhtar anakanyaga pedali akilalamika. "Bakuli la saba, Ami. Nikifa kwa mafuta, wanangu wanne nitakuandikia wewe."

Duka la Babban ni kubwa, meza kumi na mbili, na zote zimejaa. Riyazuddin anajibana kona ya nyuma, shali imemfika puani, kama mtu anayedaiwa. Bakuli linakuja. Analitazama. Rangi ni ileile, kahawia inayokaribia wekundu, mafuta yakielea juu kwa utulivu. Lakini rangi haisemi kitu, na mkono wake hausogei.

Mukhtar hana makosa na mtu. Anachovya, anakula, anachovya tena. Kisha anaacha kutafuna.

"Ami," anasema, mkono uko kisogoni. "Mbona huku nyuma ya masikio kumelowa?"

Riyazuddin anashusha shali. Anakula tonge la kwanza. Anakula la pili. La tatu hakulihitaji. Anapeleka vidole nyuma ya sikio la kushoto, kisha la kulia, na vyote vinarudi na maji.

"Nililia," anasema. "Sioni haya kusema. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akasikia sauti ya mama yake. Wale watu walidhani nimepaliwa na pilipili, wakaniletea maji."

Aliyeleta maji ni Babban mwenyewe. Amepata mvi na kitambi. Aliweka glasi mezani, akasimama na upawa wake.

"Kaka Riyaz," alisema. "Umechelewa. Mimi nilikutegemea tangu mwaka wa kwanza ulipofunga duka."

"Umeutoa wapi huu?"

"Kwako."

"Mimi nilikunyima, Babban. Nilisema uongo mbele ya watu."

"Tena uongo mbaya, mvuke ulikuwa unanipiga usoni." Babban akavuta kiti akaketi. "Wewe ulininyima. Nyumba yako haikuninyima."

Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na bakuli la shaba lenye mfuniko, limefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Pembeni, kwa vitone vilivyogongwa na msumari kama vinavyogongwa kwenye vyombo vya harusi, limeandikwa: Qamar Jahan.

Bakuli hilo Riyazuddin analijua. Analiulizia kwa miaka kumi na tisa. Mkewe aliwahi kumwambia limeibwa kwenye hitima, na kwa sababu hiyo yeye alikata salamu na familia moja ya jirani kwa miezi sita.

"Siku ileile," alisema Babban. "Natembea kichwa chini, nasikia naitwa kutoka mlango wa nyuma wa duka lako. Shemeji amesimama na hilo bakuli chini ya ushungi, limejaa, la moto. Akaniambia, chukua, mume wangu ana hasira lakini hasira haina watoto, uzi unao. Akaniapisha nisiseme. Akasema, siku akija mwenyewe, mpe, usimwulize kitu."

"Na bakuli hukurudisha?"

"Ningelirudishaje? Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Na ningelirudisha limejaa, shemeji ungemwelewa?"

Riyazuddin akasimama, akamshika Babban mabega, akamwomba msamaha kwa sauti, mbele ya meza kumi na mbili, kwa kuwa kosa lenyewe alilifanya mbele za watu. Babban naye akasema kuna rupia mbili za sahani alizopunguza kwa makusudi, na kwamba zimemuuma miaka yote. Wakacheka, wakapangusana macho kwa kitambaa kimoja cha jikoni. Mukhtar alilia nao. Anakiri hakujua vizuri wanalilia nini, lakini bakuli lilikuwa zuri.

Simu ya Qamar Jahan iliita mara moja tu ikapokelewa.

"Umelipata bakuli langu?" aliuliza, kabla mumewe hajasema neno.

"Mwanamke wewe! Miaka kumi na tisa!"

"Mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Matonge."

Babban aliuchemsha uzi, akalijaza bakuli, akauacha ugande kwa baridi, akaziba mfuniko kwa kinyunya na kuufunga kitambaa cha kijani. Hakuchukua hata senti, maana sheria ni sheria. Riyazuddin alisafiri na bakuli mapajani, akiwazuia abiria wasiliguse, na alipoulizwa amebeba nini alisema amebeba mgonjwa aliyepona.

Jioni hiyo, Amroha, sufuria inayong'aa ilikuwa imeshaingizwa shimoni, nyama imepangwa, mkaa umeshika. Nyumba nzima ilisimama mlangoni. Qamar Jahan alilipokea bakuli lake, akavipangusa kidogo vile vitone vya jina kwa upindo wa mtandio, akamrudishia mumewe. Riyazuddin akavunja kinyunya, kisha akageuka akampa mkwe.

"Mimina wewe."

Tanvir akarudi nyuma. "Baba, mimi? Nikimwaga je?"

"Ukimwaga, si sufuria unajua kuiosha?"

Zeba aliziba mdomo. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, hilo lilikuwa neno la kwanza kali ambalo Tanvir aliambiwa na baba mkwe. Akamtazama mzee machoni kuona kama ametukanwa, akaona mzee anacheka. Naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na bakuli mikononi, machozi yanamtoka.

"Siku hiyo ndiyo nilikuwa mtoto wa nyumba ile," anasema. "Mgeni hatukanwi."

Akamimina. Uzi ulioganda uliteleza ukaingia kwenye mchuzi, ukakaa juu kidogo, kisha ukayeyuka. Hapakuwa na la ziada la kuona, na Riyazuddin anasema hajawahi kulala usingizi mzito kama ule tangu alipotoka hospitali.

Mgahawa wa benchi tatu unafunguliwa Ijumaa hii. Sahani itakuwa rupia mia moja, kwa kuwa Amroha siyo Delhi. Tanvir ndiye atakayeinua vizito, na ameanza kujifunza kuzuia moto usiruke. Ngoma atatengeneza mchana. Babban ameahidi kuja siku ya kwanza, na Mukhtar ametuma salamu kwamba kama kuna kazi ya kula, yeye yupo tayari hata kwa nauli yake.

Riyazuddin ana mpango mwingine, na huu anausema akiwa amesimama, mkono juu ya ukingo wa sufuria. Hataki tena uzi wa babu yake ukae nyumba moja. Yeyote mwenye sufuria atapata, aombe asiombe.

"Na atakayekuja na bakuli tupu, awe rafiki au adui, atajaziwa," anasema. "Tena mchana kweupe, mlango wa mbele, mimi mwenyewe nikitazama. Mambo ya kupeana kwa kificho yamekwisha."

Qamar Jahan anamenya tangawizi kwenye ngazi. Hainui macho.

"Hata siku ile ilikuwa mchana kweupe, Baba Zeba," anasema. "Wewe ndiye hukugeuka kutazama nyuma."